Leseni na Ufisadi: Maana ya Neno "Licentious" na Matumizi Yake Mimbarini

Katika darasa la ufafanuzi wa Agano Jipya, mwanafunzi mmoja alipewa aya ya kitabu cha Kiingereza aitafsiri mbele ya wenzake. Aya ile ilieleza hali ya Kanisa la Ulaya kabla ya Matengenezo, na mwandishi wake alikuwa amewaita baadhi ya makasisi wa siku zile licentious. Mwanafunzi alisita kidogo, akatazama dari, kisha akasema kwa sauti thabiti: "Makasisi wenye leseni." Darasa zima lilicheka, na mimi niliyekuwa nikifundisha nilicheka pamoja nao. Jioni nilipofungua kamusi ili niandae maelezo ya siku ya pili, niligundua kwamba yule ndugu alikuwa amekaribia shina la neno kuliko sisi tuliomcheka.

Makala haya yanakusudia kulieleza neno hilo, kwa sababu wanafunzi wetu hukutana nalo mara kwa mara katika vitabu vya ufafanuzi na historia ya Kanisa. Lakini hatuwezi kuishia katika kamusi. Neno hilo limefungamana na maneno mawili ya Kigiriki, na maneno hayo yamefungamana na neno letu la Kiswahili, ufisadi, ambalo katika miaka yetu wenyewe limebadilika likiwa mikononi mwetu. Mhubiri asiyeyajua mabadiliko hayo anaweza kusema jambo moja, na usharika ukasikia jingine.

Tuanze na Kilatini. Kitenzi licet maana yake ni "inaruhusiwa, ni halali". Kutokana nacho Warumi walipata licentia, yaani ruhusa, uhuru wa kutenda. Kiingereza kilirithi neno hilo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilileta neno la ofisini, ambalo sisi tumelipokea tukaliandika leseni: leseni ya biashara, leseni ya udereva. Shahada ya licentiate inayotolewa na baadhi ya vyuo vya teolojia nayo imetoka huko huko. Mwenye shahada hiyo ameruhusiwa kufundisha. Njia ya pili ilileta licentious, yaani mtu aliyeigeuza ruhusa kuwa tabia. Anaishi kana kwamba amejiandikia leseni mwenyewe, akaipiga muhuri mwenyewe, wala haina tarehe ya kwisha.

Katika Kiingereza cha leo neno hili hutumika zaidi kwa mambo ya zinaa, na ni neno la maandishi. Mtu halisemi sokoni. Zamani lilikuwa pana zaidi. Askari walioteka mji wakapora nyumba waliitwa hivyo, na magazeti yaliyoandika bila kujali sheria yaliitwa hivyo. Hata mshairi aliyevunja kanuni za mizani aliweza kuitwa hivyo, kwa maana Kilatini kilikuwa na ruhusa maalumu ya washairi, kama vile malenga wetu walivyo na inkisari na mazida. Kiini cha neno kilikuwa mipaka: ni nani aliyeiondoa, na kwa ruhusa ya nani. Mwili ulikuwa uwanja mmoja tu kati ya nyanja nyingi.

Msomaji wa Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho atakumbuka hapa wale watu wa 6:12 waliojisifu kwamba kwao kila kitu ni halali. Biblia ya Kilatini inatumia pale kitenzi kile kile, licet. Paulo hawanyang'anyi neno lao. Anawauliza kama hiyo halali yao inafaa, na kama wao wenyewe hawajawa watumwa wake. Laiti watafsiri wa Kiingereza wangelitumia neno letu kwa watu wa Korintho, tungeliona mara moja jinsi leseni na ufisadi vilivyozaliwa nyumba moja.

Sasa twende kwenye Kigiriki. Biblia ya Kiingereza iitwayo Revised Standard Version, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1946, inaliweka licentiousness mahali pa neno la Kigiriki aselgeia. Neno hilo limetokea mara 10 katika Agano Jipya: Marko 7:22, Warumi 13:13, 2 Wakorintho 12:21, Wagalatia 5:19, Waefeso 4:19, 1 Petro 4:3, mara tatu katika sura ya pili ya 2 Petro, na Yuda 4. Asili yake haijulikani kwa hakika. Wako wa kale waliolihusisha na mji wa Selge huko Pisidia, lakini hiyo ni hadithi ya kufurahisha masikio tu, na mhubiri asiijengee hoja.

Kinachojulikana vizuri ni jinsi Wagiriki walivyolitumia. Demosthenes, msemaji mashuhuri wa Athene katika karne ya nne kabla ya Kristo, alimshitaki tajiri mmoja aitwaye Meidias aliyempiga kofi hadharani, katika ukumbi wa michezo, siku ya sikukuu, Demosthenes akiwa katika utumishi rasmi wa kugharimia kundi la waimbaji. Hotuba aliyoiandaa juu ya shauri hilo inaanza kwa kulitaja neno aselgeia pamoja na neno la kiburi cha kudhalilisha wengine. Hakuna zinaa katika shitaka hilo. Yuko mtu mwenye mali, mwenye marafiki wakubwa, aliyezoea kwamba hakuna wa kumwuliza. Hiyo ndiyo aselgeia: kutenda utakalo mbele ya macho ya watu bila hata haja ya kujificha.

Mtume anayeandika Waefeso 4:19 yuko karibu sana na maana hiyo. Anaeleza kwanza kwamba watu hao wameacha kuhisi maumivu. Dhamiri imekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Kisha wakajitoa kwa aselgeia. Kisha analiunganisha na neno pleonexia, ambalo ni tamaa ya kuwa na zaidi ya fungu lako. Waraka wa Pili wa Petro nao unayaweka maneno hayo mawili katika sura moja, na walimu wa uongo anaowasema wanawafanyia watu biashara. Kwa hiyo tangu mwanzo tamaa ya mwili na tamaa ya mali zilikaa kiti kimoja.

Hapa inafaa kutofautisha wingi na kukosa mipaka, maana mara nyingi tunavichanganya. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, akapokelewa na Mfalme Rumanyika. Jambo moja lililomshangaza ni wanawake wa jamaa ya mfalme walioneneshwa kwa maziwa hata wakashindwa kusimama kwa urahisi. Aliliandika katika kitabu chake, na wasomaji wa Uingereza wakaliona kuwa ni ulafi uliopita kiasi. Lakini desturi ile ilikuwa na utaratibu wake na wasimamizi wake. Ilikuwa sehemu ya heshima ya nyumba ya mfalme. Hatusemi kwamba ilikuwa njema kwa wanawake wale. Tunasema tu kwamba haikuwa aselgeia. Speke mwenyewe alimpima shemeji wa mfalme kwa utepe, mkono, kifua na paja, akazichapa inchi zake London. Msomaji ajiamulie ni nani kati yao aliyevuka mpaka.

Neno la pili la Kigiriki ni asotia, na hapo ndipo penye uzito kwangu.

Asotia limetokea mara tatu: Waefeso 5:18 kuhusu mvinyo, Tito 1:6 kuhusu watoto wa mzee wa kanisa, na 1 Petro 4:4. Ndugu yake, kielezi asotos, ametokea mara moja tu, katika Luka 15:13, pale yule kijana anapoitawanya mali yake katika nchi ya mbali. Neno limejengwa kwa kikanushi na shina lile lile la "kuokoa, kuweka salama". Maana yake ya kwanza ni hali ya kutoweka akiba, kutojibakizia kitu, na kwa hiyo hali isiyo na wokovu ndani yake. Aristotle, katika kitabu cha nne cha Maadili yake ya Nikomako, anasema kwamba watu humwita hivyo kila mtu wa starehe, lakini kwa usahihi neno lamfaa yule anayeiharibu mali yake, kwa kuwa mtu huishi kwa mali yake, na anayeiharibu anajiangamiza mwenyewe. Luka analijua jambo hilo. Katika aya ya 12 anaposema baba aliwagawia mali, Kigiriki chake kinatumia neno bios, yaani maisha, riziki. Baba aliwagawia maisha yake.

Biblia yetu ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, imeitafsiri asotia mara zote tatu kwa ufisadi au wafisadi. Lakini katika Luka 15:13 imeandika uasherati. Kwa nini watafsiri waliacha hapo neno walilolitumia kwingine? Bila shaka walisoma mbele hadi aya ya 30, ambako kaka mkubwa anasema kwamba mdogo wake amekula mali pamoja na makahaba. Wakalirudisha shitaka la kaka hadi mwanzo wa hadithi. Martin Luther hakufanya hivyo. Katika Biblia yake ya Kijerumani aliandika hapo Prassen, ambalo ni kula na kunywa kwa ubadhirifu. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 nayo ilisema maisha ya fujo. Bwana Yesu, anayesimulia, hakutaja wanawake. Aliyewataja ni yule aliyesimama nje ya nyumba akikataa kuingia.

Sikuyajua hayo nilipokuwa mwinjilisti kijana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilihubiri habari ya mwana mpotevu huko Rugera. Nilikuwa na sauti, na nilikuwa na neno uasherati mbele yangu katika aya ya 13. Nililipanua neno hilo kwa muda mrefu: mabaa, vyumba vya kulala wageni, wasichana wa mjini, na mwisho wa yote ugonjwa. Wakati ule hapakuwa na mtu mkoani Kagera aliyehitaji kuelezwa ni ugonjwa gani. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walitoka mkoani kwetu mwaka 1983. Hapo awali watu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha fahari kilichouzwa na wachuuzi wa mpakani, kana kwamba maradhi yalikuwa adhabu ya anasa. Karibu kila ukoo ulikuwa na kaburi lake migombani, na nyumba nyingi zilikuwa na bibi anayelea wajukuu peke yake. Vijana walikuwa wakirudi kutoka Kampala, Mwanza na Dar es Salaam, wamekonda, na baba zao walitoka kuwalaki njiani bila kusema neno.

Baada ya ibada, mnada wa sadaka ulipokuwa ukiendelea, mikungu ya ndizi na kibaba cha maharage vikinadiwa mmoja mmoja, mama mmoja mzee alinijia akapiga magoti kidogo kwa heshima.

"Mwinjilisti, naomba nikuulize. Yale ya wanawake, yamo mwanzo wa hadithi, au ni kaka mtu aliyeyasema?"

"Yamo mwanzo, mama," nikamjibu. "Imeandikwa uasherati." Nikamwonyesha mahali kwa kidole.

"Mimi sijui kusoma, baba. Lakini nimeisikia hadithi hii miaka mingi. Mtoto mwenyewe aliporudi hakusema habari za wanawake. Na baba yake hakumwuliza."

Nikamwambia kwamba Biblia ndiyo inayosema hivyo. Akashukuru, akaenda zake. Baadaye niliambiwa na mzee wa kanisa kwamba mwanawe alikuwa amelala nyumbani, amerudi mwezi ule, na kwamba mwanawe mkubwa alikuwa hataki kukaa naye chumba kimoja. Kijana yule alikufa kabla ya msimu wa kahawa. Nilihudhuria maziko. Miaka kadhaa ilipita ndipo nikafika chuoni, nikajifunza Kigiriki, na siku moja nikafungua Luka 15:13 nikaona asotos imekaa pale peke yake, bila mwanamke hata mmoja. Mama asiyejua kusoma alikuwa ameisoma sura ile kuliko mimi.

Sisemi kwamba uasherati si dhambi, wala sisemi kwamba kijana wa nchi ya mbali aliishi kitakatifu. Huenda kaka alisema kweli. Ninasema kwamba msimulizi hakutupa sisi wahubiri leseni ya kulisema, na kwa miaka mingi, katika mkoa uliokuwa ukizika vijana kila juma, tulilisema kutoka mimbarini kwa sauti ya kaka tukidhani ni sauti ya Bwana.

Kama mhubiri wa Karagwe au Kyerwa anatafuta mfano wa asotia ulio karibu na wasikilizaji wake, anao. Wakulima wetu wanaijua butura: kuuza kahawa ikiwa bado changa mtini, au hata ikiwa maua, kwa bei ya chini sana, ili mtu apate fedha leo. Mavuno yakija, yote ni ya mnunuzi. Kijana wa Luka naye aliuliza fungu lake kabla ya wakati wake. Hata hivyo mfano huu utumike kwa uangalifu. Wengi huuza butura kwa ajili ya ada ya shule au mgonjwa aliyelazwa, na kumwita mtu huyo mtapanyaji ni kumwongezea jeraha. Yuko mwingine huuza akanywea, na watoto wakakosa sare. Na yuko mnunuzi, ambaye mahubiri yetu humsahau, anayejua thamani ya kilo moja wakati wa mavuno na analipa sehemu yake ndogo tu kwa mtu aliyebanwa. Kama tuna neno moja la Kigiriki la kumpa kila mmoja, mnunuzi yule si asotos hata kidogo; yeye anajiwekea akiba sana. Lake ni pleonexia.

Tukirudi kwenye Kiswahili, neno ufisadi lina asili ya Kiarabu, katika shina lenye maana ya kuharibika, kuoza, kuvunda. Husemwa juu ya chakula kilichochacha, na Kurani hulitumia kwa uharibifu unaofanywa katika nchi. Katika Kiswahili cha pwani fisadi alikuwa mwovu na mharibifu kwa jumla, lakini zaidi alikuwa yule aharibuye mabinti na wake za watu. Watafsiri wa mwaka 1952 walilichagua wakiwa na maana hizo masikioni, nalo lilifaa sana.

Kisha neno likahama. Rais Mkapa alipounda tume chini ya Jaji Joseph Warioba, iliyotoa taarifa yake mwaka 1996, watu waliiita Tume ya Rushwa. Rushwa ndilo lilikuwa neno la siku zile. Tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa, wakati ule mbunge wa Karatu, alisoma hadharani orodha ya watu aliowatuhumu, na magazeti yakaiita orodha ya mafisadi. Januari 2008 Gavana wa Benki Kuu aliondolewa kazini baada ya ukaguzi kuonyesha kwamba zaidi ya shilingi bilioni 130 zililipwa isivyo halali kutoka akaunti ya madeni ya nje, EPA. Mwezi uliofuata Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kufuatia taarifa ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Kuanzia hapo neno ufisadi lilikuwa kila siku redioni, na mwaka 2016 ilipoanzishwa divisheni maalumu ya Mahakama Kuu kwa makosa ya rushwa na uhujumu uchumi, wananchi waliiita tu Mahakama ya Mafisadi.

Matokeo yake ni haya. Kijana wa Kipaimara anayesoma Wagalatia 5:19 leo, akifika kwenye ufisadi, hafikirii chumba cha kulala. Anafikiria mikataba na akaunti za benki. Niliwahi kuwauliza darasa zima la Kipaimara maana yake, na hakuna hata mmoja aliyetaja mwili. Na katika Waefeso 5:18 anashindwa kuelewa kabisa: divai inaingiaje katika wizi wa fedha za umma?

Wako ndugu wachungaji wanaolalamika kwamba magazeti yametuibia neno. Mimi nina maoni tofauti. Waandishi wa habari, bila kujua Kigiriki, wamelirudisha neno karibu na Meidias wa Athene: mtu mkubwa anayechukua apendacho mchana kweupe, na ganzi imemwingia. Walichotupa ni nusu tuliyokuwa tumeipoteza sisi wa Kanisa, maana kwa muda mrefu tulilifungia neno hili chumbani tu. Kosa litakuwa kuipokea nusu hii mpya na kuitupa ile ya kwanza, tukawa tunahubiri juu ya mafisadi wa Dar es Salaam, ambao hawako kanisani kutusikia, huku sisi wenyewe tukikaa salama.

Swali hili linagusa marudi ya Kanisa. Katika usharika mmoja ambao sitautaja, binti aliyepata mimba kabla ya ndoa alisimamishwa mbele ya watu, akatengwa na Meza ya Bwana, akarejeshwa kwa kupiga magoti mbele ya usharika. Mwaka ule ule mtunza hazina alishindwa kueleza fedha za sikukuu ya mavuno zilipokwenda. Baraza lilikaa naye faraghani, likamwombea, akaendelea kushiriki na kuketi mbele. Nilikuwa katika baraza lile, na sikusema neno. Kama tungalisoma Waefeso 4:19 kwa ukamilifu, tungaliona kwamba mtume anawashitaki wote wawili kwa sentensi moja, na kwamba ganzi iliyotajwa pale ilikuwa zaidi kwetu sisi wajumbe kuliko kwa yule binti, aliyekuwa akilia.

Sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kulichunguza neno hili. Yuda 4 inawasema watu walioigeuza neema kuwa aselgeia. Hao hawaikani neema; wanaihubiri, na kwa ajili yake wanajiandikia leseni. Luther aliliona jambo hilo kwa macho yake. Miaka tisa tu baada ya kuandika juu ya uhuru wa Mkristo mwaka 1520, alitoa Katekisimo Ndogo, na katika dibaji yake analalamika kwa uchungu, baada ya kukagua sharika za Saksonia, kwamba watu wamepata Injili na sasa wamekuwa mafundi wa kuutumia vibaya uhuru wake. Kati ya mwaka 1537 na 1540 alibishana na mwanafunzi na rafiki yake wa zamani, Johann Agricola, aliyefundisha kwamba Sheria haina kazi mimbarini kwa waliookolewa. Luther hakujibu kwa kupunguza neema. Alijibu kwamba anayeiondoa Sheria anaiondoa dhambi pia kwa jina tu, na akiiondoa dhambi kwa jina, Kristo naye hana kazi ya kufanya. Mwanafunzi anayeandika insha juu ya ubishi huo atakutana na licentious karibu katika kila kitabu cha Kiingereza. Sasa anajua kwamba haliwahusu walevi na wazinzi peke yao, bali na wanateolojia wenye hoja nzuri.

Kuhusu tafsiri, mapendekezo yangu ni machache. Kitabu cha Kiingereza kikisema licentious juu ya mwenendo wa zinaa, "-a kifisadi" haitoshi tena kwa msomaji wa leo. Aseme "-asherati" au "mwenye kufuata tamaa za mwili bila haya". Kikilisema juu ya askari, watawala au maandishi, "bila mipaka" au "-siojali sheria wala haya" ni bora. Mimbarini, ufisadi wa Wagalatia 5 na wa Yuda 4 uachwe ulivyo, lakini mhubiri aufafanue kwa pande zote mbili kabla ya kuendelea. Katika Waefeso 5:18 asione aibu kusema kwamba ulevi unaitapanya nyumba. Na katika Luka 15:13 naomba wasomaji wa Injili wasibadilishe andiko lililo mbele yao. Mchungaji alieleze neno katika mahubiri, kisha shitaka la makahaba aliache mahali Luka alipoliweka, mdomoni mwa kaka.

Nilirudi Rugera nikiwa mchungaji, Jumapili ambayo somo hilo liliangukia, nikafanya hivyo. Yule mama alikuwa amekwisha kufariki. Mwanawe mkubwa, ambaye sasa ni mzee wa kanisa, alikuwa benchi la mbele. Baada ya ibada alinifuata mnadani akiwa na Biblia yake na kalamu ya risasi, akaniuliza ni neno gani aandike pembeni mwa aya ya 13. Nikamwambia, "Andika: ovyo, bila kujibakizia." Akaliegemeza gamba la Biblia juu ya goti, akaandika polepole, akanionyesha kama amelipatia.